Jinsi ya Kuichanganya Sukari Yako: Mwongozo kwa Mwenye Maradhi Mawili, Kitui na Makueni

Hongera. Una kisukari, na sasa daktari amekwambia kwamba hiyo huzuni isiyokutoka, usingizi unaokukimbia na kukichoka kila kitu ni ugonjwa nao, na una dawa zake. Usijione wa ajabu: mwenye kisukari hupatwa na sonona karibu mara mbili ya asiye nacho. Mwongozo huu utakusaidia kuhakikisha maradhi yako mawili hayajuani kamwe.

1. Weka madaftari mawili.
La sukari liwe la kliniki ya mjini Wote, Makueni, likae mezani kila mtu alione. La mawazo lifiche chini ya godoro, na kliniki yake uifuate ng'ambo ya Mto Athi, huko Kitui, ambako hakuna jirani wa kukuona kwenye foleni. Muuguzi wa sukari akikuuliza, "Mwaitu, kuna dawa nyingine unayomeza?" jibu "Aiee," yaani hapana, kisha tazama dirishani. Hivyo anayekupangia dozi ya dawa ya sukari hatajua kwamba kuna kidonge kingine kinachoivuta upande wake.

2. Dawa zote za mawazo ziite "zile za usingizi".
Ukianza kuzitofautisha utagundua mambo ya kuudhi. Fluoksetini huweza kuishusha sukari, hasa kwa anayetumia insulini au kidonge cha sukari cha glibenklamidi. Amitriptilini huongeza hamu ya kula na uzito, na sukari huweza kupanda navyo. Tena amitriptilini hiyohiyo hutolewa kwa dozi ndogo kwa wenye kisukari ambao nyayo zao huwaka moto usiku, kwa hiyo huenda tayari unaimeza bila kujua ni ya ukoo gani. Afadhali usisome pakiti.

3. Meza kidonge, ruka chakula.
Siku za mwanzo, fluoksetini huweza kuleta kichefuchefu. Muthokoi uko mbele yako na hutaki hata kuutazama. Usile, lakini glibenklamidi meza vilevile. Yenyewe haiulizi kama umekula, itaihimiza kongosho itoe insulini tu. Jasho likikutoka, mikono ikitetemeka, moyo ukidunda na maneno yakikupotea, sema ni wasiwasi uleule uliokupeleka kliniki, ukalale. Wasiofuata mwongozo huu hupima. Mashine ikisoma chini ya 4 mmol/L, hukoroga vijiko 3 vya chai vya sukari, vilivyojaa, katika maji, wakanywa, wakapima tena baada ya dakika 15, kisha wakala. Aliyepoteza fahamu hawamtii kitu mdomoni, humkimbiza hospitali.

4. Kinywa kikikauka, nunua soda.
Amitriptilini hukausha mate. Sukari ikipanda sana nayo huleta kiu. Usijisumbue kujua ni ipi kati ya hizo; zizime zote mbili kwa soda baridi. Na kama ni msimu wa maembe Makueni, au shemeji ametoka Mwingi na chupa ya asali, basi ile hamu ya vitamu iliyoletwa na kidonge imepata pa kutua.

5. Usipime.
Hapa pana kazi, maana tangu 2023 wahudumu wa afya ya jamii wanazunguka vijijini na mikoba yenye mashine ya kupima sukari. Ukiona mkoba unakaribia, kumbuka ghafla kwamba mbuzi hawajanyweshwa. Jihadhari zaidi wiki za kwanza za dawa mpya na kila dozi inapobadilishwa, kwa sababu hapo ndipo namba zina la kusema.

6. Ukipata nafuu, acha ghafla.
Dawa hizi huchukua wiki kadhaa kufanya kazi na zinataka kuachwa taratibu, kwa ushauri wa daktari. Wewe acha Jumatatu. Fluoksetini itatoka mwilini polepole, wiki baada ya wiki, na sukari iliyokuwa imeshuka huweza kupanda nyuma yake. Kama daktari alikuwa amekupunguzia insulini, hatakuwa na sababu ya kuirudisha, kwa vile hukumwambia kwamba umeacha. Lawama zote zibebwe na chapati.

7. Usimtegemee mganga kukuficha.
Makueni njia hiyo imeharibiwa. Profesa David Ndetei na wenzake wa Africa Mental Health Foundation waliwafundisha waganga wa kienyeji, viongozi wa dini na wahudumu wa afya ya jamii kutambua dalili za sonona na kumwelekeza mgonjwa kliniki. Unaweza kuingia kwa mganga ukitafuta aliyekuroga, ukatoka umetumwa kwa muuguzi.

Adui mkubwa wa mwongozo huu, hata hivyo, ni yule mgonjwa anayetia dawa zake zote katika kiondo kimoja, za sukari, za mawazo na za miti shamba, akazimwaga mezani kwa kila daktari na kuuliza, "Hizi zinapatana?" Huyo atapunguziwa hiki, ataongezewa kile, ataambiwa siku za kupima, na ataendelea na dawa za maradhi yote mawili miaka mingi bila kisa cha kusimulia. Mtu wa namna hiyo sisi hatuna la kumsaidia.