Kwa Heshima ya Ankara Inayokawia

Watu wamesifu mashujaa, wamesifu majahazi, wamesifu hata magari ya mkopo. Uchapaji wa polepole haujapata wa kuusifu. Makarani wanausonya, wateja wanaulaani, na kila fundi wa kompyuta anayeitwa ofisini huja na nia moja tu ya kuumaliza. Naomba leo niwe wakili wake. Namtetea hasa yule wa ukoo bora, anayezaliwa pale programu ya zamani ya biashara inapohamishiwa kwenye programu mpya. Jana ankara ilikuwa ikitoka kabla karani hajainua mkono kwenye kibodi. Leo, baada ya maendeleo, karani anabonyeza na kwenda kuteka maji ya chai.

Mheshimiwa hutajwa kwa nasaba yake, basi nianze huko. Tuchukue FoxPro, iliyobuniwa na kampuni ya Fox Software ya Ohio, Marekani, ambayo Microsoft iliinunua mwaka 1992. Kwa FoxPro watu waliandika programu za stoo, za mishahara, za madeni na za ankara, na nyingine bado zinafanya kazi hadi leo. Katika zama za DOS, programu iliongea na printa ana kwa ana kupitia tundu la LPT1. Ilichotuma ni herufi tupu: A ilikwenda kama A, na 7 kama 7. Ukurasa wa mistari 66, kila mstari herufi 80, hauwezi kuzidi herufi 5,280. Printa ya pini 9 ilizipokea, ikazigonga juu ya utepe wa wino kwa maumbo iliyozaliwa nayo, ikapiga kelele za kutosha kuamsha mtaa, na kazi ikaisha. Hizo ndizo zama ambazo watu wanazililia. Zilikuwa za kasi, nakubali, lakini hazikuwa na adabu: mteja alipewa ankara yake na kufukuzwa kabla hajaulizwa habari za nyumbani.

Ndipo ukaja ustaarabu. Visual FoxPro 9, iliyotoka mwaka 2004, ilileta injini mpya ya ripoti inayotumia GDI+, sehemu ya Windows inayochora maumbo, picha na maandishi. Injini hii haitambui kabisa herufi zilizomo tumboni mwa printa. Kwake yeye ankara ni mchoro, na mchoro haufanywi kwa pupa. Mpelekee printa ya pini ukurasa wa inchi 8 kwa 11, kwa nukta 120 kwenye kila inchi ya upana na 144 kwenye kila inchi ya urefu, nayo itakuwa na nukta zaidi ya milioni moja na nusu za kufikiria. Kichwa cha printa kinapita, kinarudi kupita palepale, karatasi inasogea unywele, kinapita tena, mpaka neno “Jumla” lipate mviringo unaolistahili. Subira, ambayo wahenga walisema huvuta heri, hapa inavuta karatasi. Hata mwenye printa ya leza asijione amesalimika. Kompyuta ikilazimika kuuchora yenyewe ukurasa mzima wa A4 kwa nukta 600 kwa inchi, zinapatikana nukta karibu milioni 35, na hapo bado hujasema unataka rangi.

Fadhila ya kwanza ya uchapaji huu ni uangalifu. Mtengenezaji akitaka chini ya kila karatasi pasomeke “Ukurasa 1 kati ya 40”, injini mpya haibahatishi hiyo 40. Inaipitia ripoti yote kimya kimya tangu mwanzo hadi mwisho ili ihesabu kurasa, kisha inaanza upya na kuitoa. Naomba wasomaji wajiulize, ofisini kwao ni wakuu wangapi wanaoipitia ripoti nzima kabla ya kuipeleka mbele? Huyu anaipitia mara mbili, na bado anaitwa mvivu.

Fadhila ya pili ni uaminifu kwa waliotangulia. Faili la ripoti la FoxPro, lile lenye kiishio cha FRX, ni jedwali, na katika rekodi yake ya kwanza huweza kubaki jina na mipangilio ya printa iliyokuwa mezani kwa mtengenezaji siku alipolihifadhi. Printa hiyo pengine ilikwishauzwa chuma chakavu. Programu haijali, bado inaikumbuka. Ikiwa jina lile lilikuwa la mtandaoni, Windows inaweza kwenda kubisha hodi kwenye kompyuta isiyokuwepo, ikangoja kuitikiwa, ikabisha tena, ndipo ikubali kurudi kwa printa iliyo hai. Katika zama hizi ambapo mtu hustaafu Ijumaa na Jumatatu jina lake limekwisha kusahaulika, nani mwingine kazini anayewauliza marehemu kila asubuhi?

Ukarimu wake nao usipitwe. Karani akibonyeza na kuona kimya, hudhani hakusikiwa, hivyo hubonyeza tena, na tena. Foleni ya kuchapa hailalamiki. Inapokea yote, inayapanga, na wakati karani amekwisha kata tamaa, inamtolea kila nakala aliyoiomba. Kwa hiyo ofisi kama hii haikosi karatasi za kufungia vitumbua.

Halafu tazama uchapaji huu unavyowanufaisha watu. Mdaiwa analala salama, maana ankara ambayo haijatoka haiwezi kudaiwa. Dereva wa lori, ambaye haruhusiwi kutoka getini bila hati ya mzigo, anapata usingizi aliounyimwa barabarani. Mlinzi wa geti anapata wa kuzungumza naye. Fundi wa kompyuta anapata ujira wa kuongeza memori, kesho ujira wa kufuta virusi, kesho kutwa ujira wa kubadilisha waya wa mtandao, na uchapaji unabaki vilevile, haumwangushi. Asije tu mjuaji akamwambia achape ule ukurasa wa majaribio wa Windows, maana ukitoka haraka itajulikana kwamba printa haina kosa wala waya hauna kosa, na tatizo liko ndani ya programu. Mambo kama hayo huvunja riziki za watu.

Lakini sifa kubwa kuliko zote ni kwamba uchapaji wa polepole ndiye mkaguzi pekee aliyehudhuria uhamisho ule. Wakubwa walikaa ukumbini wakaonyeshwa skrini. Wakaona rangi, wakaona vitufe vya mviringo, wakapiga makofi, wakatia saini, hundi ikatoka. Hakuna aliyeomba kuiona ankara ikitoka kwenye printa ya stoo, ile yenye vumbi, juu ya karatasi ya kaboni ya nakala tatu. Biashara nzima inakwenda kwa karatasi hiyo: mzigo hautoki bila hiyo, deni halithibitiki bila hiyo, na mkaguzi wa hesabu hataki kitu kingine. Programu ya zamani ilibeba ujuzi wa namna ya kuongea na printa ile, na ujuzi huo haukuandikwa popote katika mkataba wa kuhama. Uchapaji ulipokawia, ndipo watu walipoujua. Mshauri aliyelipwa hakuwaambia. Huyu aliwaambia bure.

Kwa hiyo nawasihi mafundi mnaosoma makala haya, mwacheni aishi. Msiguse amri iitwayo SET REPORTBEHAVIOR kuitoa 90 na kuirudisha 80, maana injini ya zamani iliachwa mlemle ndani ya toleo la 9, nayo inakubali herufi za printa yenyewe. Msifungue rekodi ya kwanza ya FRX na kufuta jina la printa iliyokufa. Msiondoe hesabu ya jumla ya kurasa kwenye ankara ambayo ina ukurasa mmoja tu. Kwa zile karatasi za kaboni, msitengeneze faili la maandishi matupu na kulipeleka moja kwa moja kwa printa kama walivyofanya wazee wa DOS. Mkiyafanya hayo, huenda mchana mmoja tu ukatosha kumzika mheshimiwa huyu.

Na wewe mwenye biashara unayejiandaa kuhamisha programu yako, ukitaka naye akutembelee, njia ni rahisi: lipa kwanza, chapa baadaye. Ukidai kuchapiwa ankara mia moja kwenye printa yako mwenyewe, mbele ya macho yako, kabla ya kutia saini, hutamwona kamwe, na sifa zote hizi utabaki kuzisikia kwa jirani.