Barua ya Wazi kwa Bunge la Florida: Tunaomba Kikao Kimoja Uani

Kwa Waheshimiwa Maseneta na Wabunge,
Tallahassee, Florida.

YAH: MCHEZO WA KULENGA SHABAHA NYUMA YA NYUMBA ZA WATU

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu. Awali ya yote tunawapa pole kwa kazi nzito ya kutulinda, na tunawashukuru kwa sheria ya mwaka 2016. Kabla yake, aliyegeuza ua wake kuwa uwanja wa shabaha hakuguswa mpaka ithibitike kwamba alifyatua kwa uzembe. Sasa kufyatua kwa burudani kwenye makazi ni kosa lenye kifungo cha hadi mwaka mmoja na faini ya hadi dola 1,000, mradi eneo liwe na nyumba moja au zaidi kwa kila ekari. Halafu mkachomeka kifungu kidogo mkiani: kosa hilo halipo ikiwa, kwa mazingira yalivyo, risasi haileti hatari inayoweza kutarajiwa. Mkono wa kulia ukatoa, wa kushoto ukapokonya.

Tuanze na hiyo ekari. Ikiwa ya mraba, kila upande wake haufiki mita 65. Risasi ya .22, ile wanayoanzia wanafunzi wa shabaha, huweza kwenda zaidi ya kilomita moja na nusu. Ninyi mnahesabu nyumba, yenyewe inakula mita. Familia inayoishi mahali penye nyumba moja kwa ekari moja na robo imetoka nje ya ulinzi wenu kwa sababu ya hiyo robo, kana kwamba fuvu la mtoto wa huko ni gumu kuliko la mtoto wa Miami. Na hiyo hatari inayoweza kutarajiwa, nani anaitarajia? Wa kwanza kuipima ni mfyatuaji mwenyewe, kidole kikiwa kwenye kifyatulio. Sheria haimtajii umbali wala tuta la udongo la kuzuia risasi. Askari akiitwa, anatafuta ushahidi. Na ushahidi usiobishaniwa ni tundu kwenye ukuta wa jirani. Yaani tupigwe kwanza, ndipo tusikilizwe.

Mtusamehe ukali huo, tuingie kwenye maombi. Tunaomba kila gari la polisi lipakie mpima ardhi. Tunaomba risasi zifundishwe kusoma hati ya kiwanja. Lakini ombi letu kuu ni hili: kamati yenu moja ifanye kikao kimoja tu uani kwa mkazi anayepakana na mpenzi wa shabaha. Turubai litafungwa, viti vya plastiki vitapangwa, na Mheshimiwa Mwenyekiti, kwa kuzingatia itifaki, atakaa karibu kabisa na uzio. Ajenda iwe moja: kutarajia. Katibu ataandika kumbukumbu kama kawaida, ila pale penye “(Makofi)” ataweka “(Mlio)”. Wachangiaji watazungumza wakati jirani anajaza risasi, na muda wao utalindwa. Mjumbe atakayeomba mwongozo wa Mwenyekiti akiwa chini ya meza ahesabiwe kuwa ameomba akiwa amesimama. Chai itakuwepo, wenye mikono inayotetemeka watapewa vikombe vyenye vifuniko. Na asitokee wa kumnyamazisha jirani: yeye ni raia mwema, yuko kwake, anapumzika.

Tungeweza kumleta huyo jirani ukumbini kwenu ili tuwapunguzie safari, lakini kuna kikwazo. Sheria yenu ya silaha inasema kibali cha kubeba bunduki iliyofichwa hakimruhusu mtu kuingia nayo kwenye kikao chochote cha Bunge wala cha kamati zake. Hapo hamkuuliza ukumbi una watu wangapi kwa ekari. Hatari mliitarajia vizuri sana, mapema, bila kusubiri tundu. Mkuki kwa nguruwe.

Mtasema katiba inalinda haki ya kumiliki silaha. Inalinda, na hakuna anayetaka bunduki ya mtu. Tunachotaka ni risasi iishie kwa aliyeifyatua. Mtasema wapo wenye mashamba makubwa. Hao ndio wasiopungukiwa chochote na kanuni ya umbali na tuta, kwa kuwa nafasi wanayo. Mtasema jimbo linahitaji sheria moja, si kila mji na yake. Sawa, lakini hoja hiyo inawabana ninyi. Mwaka 1987 mlijitwalia uwanja wote wa sheria za silaha. Mwaka 2011 mkaongeza kwamba kiongozi wa mtaa atakayethubutu kutunga yake kwa kujua anaweza kutozwa hadi dola 5,000 kutoka mfukoni mwake, na Gavana anaweza kumng'oa. Miji ikaenda mahakamani, na mwaka 2023 Mahakama ya Juu ya jimbo ikawapa ninyi ushindi. Diwani wetu leo hana ruhusa hata ya kudai tuta la udongo.

Basi andikeni umbali. Andikeni tuta. Mzigo wa kuthibitisha usalama mtwisheni anayefyatua, si anayelala chini. Mamlaka yote mmeyachukua peke yenu. Kwa hiyo kila risasi ya burudani inayovuka uzio Florida inahesabiwa kwenu.

Ni sisi,
Wakazi wa upande wa pili wa uzio.