Kipara cha Mashindano

Gari langu ni Starlet ya zamani, na fundi wangu huisalimu kabla ya kunisalimu mimi kwa sababu wanaonana zaidi. Kasi yake kubwa kabisa niliiona siku tuliyokuwa tukiteremka kutoka Maseno, na hata hiyo haikuwa kwa hiari. Kwa hiyo binamu yangu alipokuja nyumbani Kaloleni kuniambia nijiandae kwa autokrosi, nilidhani ni chanjo.

"Ni mashindano, omera. Unazunguka uwanjani peke yako, unashindana na saa."

Hilo likanipendeza. Saa si jirani, haiwezi kukucheka.

Kilichobaki, akasema, ni matairi. Niliponung'unikia bei ya mapya, akanikumbusha kwamba Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho hapo juu tu, alitwaa Safari Rally ya 1965 kwa Volvo iliyokwisha kutumiwa na wengine. Kama mtumba ulimfaa Joginder, mimi ni nani?

Muuzaji alituletea manne meusi tititi, laini kama sufuria, bila mkato hata mmoja wa maana. Nikasema haya yameisha. Wakacheka wote wawili. Tairi la mashindano, wakanielimisha, huwa kipara makusudi: mpira mwingi uguse barabara, na ule mpira wenyewe ni laini, ukipata joto unanata. Kama mtu ninayevaa kofia tangu 2011, nilifarijika kusikia kuna mahali kipara huuzwa ghali.

Binamu akasoma ubavuni: 185/60R14. Upana milimita 185, kimo asilimia 60 ya huo upana, rimu inchi 14. Mimi nikaona tarakimu nne ndani ya kijiduara, 1114. Wiki ya 11, mwaka 2014. Tairi la umri wa kwenda shule. Nikabonyeza ule ulaini niliosifiwa kwa ukucha wa dole gumba. Ukucha ukavunjika. Nikalipa.

Uwanja ulikuwa upande wa Kano, udongo mweusi, na saa tisa wingu likatanda kama lilivyozoea. Binamu hakujali. Alikuwa amepiga magoti na chaki, akichora mistari kwenye bega la kila tairi. Ukimaliza mzunguko unaangalia: chaki ikifutika hadi ubavuni, upepo ni mdogo na tairi linalala kwenye kona, ikibaki hadi juu kabisa, upepo umezidi. Alichora vizuri, kama mwalimu wa darasa la kwanza.

Mvua ilifuta chaki yote kabla sijawasha gari.

Mtoto wa daraja la Bambino, hajafika miaka kumi, helmeti kubwa kuliko mabega yake, alikuja akayatazama magurudumu yangu kwa huruma. "Anko, hizo ni za lami."

Huku kwetu autokrosi ni ya vumbi na matope. Tairi lake lina meno makubwa yaliyoachana, lichimbe udongo na kuurusha. Langu halikuwa na pa kuuweka. Katika mita thelathini za kwanza yote yalivaa udongo wa Kano yakawa mandazi manne, na kwenye kona ya kwanza usukani nikaugeuza kulia, gari likaendelea na mipango yake. Saa ilishinda.

Tulivutwa na ng'ombe wawili wa plau kwa shilingi 500. Nilipata muda mrefu wa kutazama kwato zao: zimepasuka katikati, zinakanyaga, zinatema tope, zinakanyaga tena. Hakuna aliyeziuza mtumba.

Pale Ahero tukapanda lami, na nakiri, tulipokaribia mjini lile joto likafanya kazi yake. Starlet ikanata barabarani kama haijawahi. Niliingia kona moja nikitabasamu kama bingwa, na mbele ya hiyo kona alisimama askari wa trafiki.

Akazunguka gari taratibu, akiinamia kila gurudumu. "Kipara kimoja. Viwili. Vitatu. Vinne."

Nikashusha kioo, nikavua kofia kumsalimu kwa heshima.

"Vitano," akasema.