Nduna wa Kilo 50

Mtoto wa darasa la kwanza hana mwisho wa mwaka. Mwenye mwisho wa mwaka ni baba yake. Mtoto akishamaliza mtihani wa muhula wa pili, ambao kwa umri wake ni kuchora mstari kutoka kwenye picha ya bata hadi kwenye neno "bata", kazi yake imekwisha. Wiki zinazobaki mpaka shule zifungwe anakwenda kuchafua soksi, na jioni anarudi na kikaratasi. Soksi anafua mama yake. Kikaratasi ni changu.

Na hebu tazama wakati wenyewe. Mwishoni mwa Novemba hapa Songea mvua za kwanza zimeshagusa, udongo umelainika, watu wa Lizaboni na Mjimwema wamebeba majembe na masufuria wamehamia mashambani. Mahindi ya msimu uliopita yameshauzwa na fedha yake imeshakuwa bati. Kilichobaki mfukoni kina jina, na jina lake ni mbolea. Sasa kamweleze mwalimu wa darasa kwamba elfu kumi anayoitaka kwa "hafla fupi ya kufunga mwaka" ndiyo iliyokuwa ya kukuzia.

Serikali ilifuta michango ya lazima katika shule za msingi kuanzia Januari 2016, nami nilikuwa wa kwanza kushangilia. Ndiyo maana mchango wetu ni wa hiari. Hiari hiyo ina tarehe ya mwisho, ina mweka hazina, na kila usiku saa tatu inatolewa orodha kwenye kundi la WhatsApp la wazazi, majina ya waliotoa yakiwa na tiki ya kijani. Sisi ambao hatujatoa hatutajwi popote. Tunajulikana hivyo hivyo.

Msimu wa vikaratasi ulianza na ziara ya mafunzo, hata kabla ya mtihani. Mtaala mpya, ulioingia darasa la kwanza Januari 2024, unataka mtoto ajifunze kwa kuona na kutenda, na utamaduni nao umo. Sina ugomvi na mtaala. Ugomvi wangu ni Kosta iliyokodiwa kuwapeleka watoto Makumbusho ya Majimaji, hapo hapo Mahenge, mjini. Enzi zetu mahali kama pale tungekwenda kwa miguu, mistari miwili, wimbo mmoja, na fimbo ya mwalimu nyuma. Nikatoa nauli.

Habari za pale ni nzito kwa mtu mwenye mapengo mawili mbele: vita vya mwaka 1905, manduna, yaani majemadari wa Kingoni, walionyongwa na Wajerumani tarehe 27 Februari 1906, Nduna Songea Mbano ambaye mji huu unaitwa kwa jina lake. Kijana wangu alisikiliza yote, akaondoka na moja. Aliambiwa kuhusu Kinjekitile Ngwale wa Ngarambe na dawa yake ya kugeuza risasi kuwa maji. Jioni nikamkuta kwenye pipa la maji ya mvua anajimwagia kopo zima kichwani, shati la shule mwilini.

"Unafanya nini wewe?"

"Baba, kesho kuna imla."

Alipata sita kati ya kumi. Anaamini kopo lilikuwa dogo.

Kikaratasi cha pili ndicho kilichonikosesha usingizi. Siku ya hafla kila mtoto avae "mavazi ya asili ya kwao". Kwao wapi? Mimi Mngoni, mama yake Mmatengo wa Mbinga, bibi yake mzaa mama ni Mnyasa wa Mbamba Bay. Hata sisi Wangoni wenyewe tuliingia huku karne ya 19 tukitokea kusini, kwa Wazulu, tukakuta watu wana nguo zao. Nilipendekeza kanzu kwa heshima ya amani. Kijana akakataa. Alikuwa ameona sanamu makumbusho. Anataka kuwa nduna.

Sokoni vazi la nduna wa miaka saba linauzwa elfu thelathini na tano. Ni kitambaa chenye madoa ya chui, na lebo ya ndani inasema limetengenezwa China. Nikamuuliza muuzaji hicho ni Kingoni cha wapi. Akaniambia mzee, kama huna hela usichafue bidhaa.

Mama watoto ndiye aliyeokoa jahazi. "Baba, salfeti za msimu uliopita si zipo stoo?" Akatoa moja, akaisugua kwa sabuni ya kipande mpaka ikakaribia rangi ya maziwa, akaikata kwa wembe vipande vyembamba kuanzia katikati kwenda chini, kisha akachoma ncha moja moja kwa mshumaa zisifumuke. Kiunoni akapitisha kamba ya katani. Boksi la mafuta ya kula likawa ngao, madoa yake tukapaka masizi. Nilisimama pembeni nikitoa ushauri ambao haukuhitajika. Kusema kweli mtoto alitisha, hasa ukimtazama kwa mbele.

Siku ikafika. Ratiba ilisema saa tatu asubuhi. Mgeni rasmi aliingia saa saba, akaomba radhi kwa sababu ya majukumu, tukapiga makofi kama kawaida yetu. Mama yangu mzazi, aliyeacha mbegu ardhini kule Gumbiro akapanda basi alfajiri, aliuliza mara kadhaa kama huyu mtoto anaoa.

Risala ilisomwa na binti wa darasa hilo hilo, kimo cha meza. Ilishukuru serikali, ikashukuru wazazi, kisha ikafika kwenye changamoto, maana risala isiyo na changamoto haijawahi kuandikwa Tanzania. Yule binti akatulia, akavuta pumzi, akasoma herufi kwa herufi upungufu wa matundu ya vyoo. Ndugu msomaji, darasa la kwanza! Nilitaka kucheka, lakini wanafunzi wako 117 na hayo matundu nimeyaona.

Ikaja keki. Nani aliyetuletea hii desturi ya kulishana keki kwa pesa? Mshereheshaji anaita, "Baba zetu, nani anataka kulishwa na mwalimu mkuu?" na wanaume wazima wenye mashamba ambayo hayajapandwa wanapanga foleni kulipia kipande kinachoenea kwenye kijiko. Nilijifanya napokea simu.

Kisha ngoma. Lizombe ilipopigwa, hata mgeni rasmi alinyanyua bega moja. Nduna wangu aliingia na ngao, anarusha miguu, vumbi lingetimka kama si matope. Akazunguka uwanja, akafika mbele ya darasa lake lililoketi chini, akageuka kuwapa mgongo ili awasalimie wageni.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba sabuni ya kipande haifuti maandishi ya kiwandani.

Mwaka mzima mwalimu alihangaika na watoto hawa juu ya mba mbe mbi mbo mbu. Vikao vitatu vya wazazi tuliambiwa darasa limekwama pale. Sasa mtoto mmoja wa mstari wa mbele akanyoosha kidole kwenye makalio ya mwanangu, akaanza, "Mbo..." Wa pili akapokea, "...le-a." Ikapita kimya kidogo, kisha darasa lote, kwa ile sauti ya kuimba ya kusoma ubaoni: "MBO-LE-A! U-ZI-TO! KI-LO! HAM-SI-NI!"

Ngoma ilisimama yenyewe. Mwalimu wa darasa alishika mdomo, na machozi yakamtoka. Sijui kama ni ya kucheka au ya ushindi. Mgeni rasmi alikuwa amebeba hotuba ya kurasa nne kuhusu kusoma, kuandika na kuhesabu, akaikunja. Watu wakamiminika kumtunza nduna: mia tano, elfu, elfu mbili za wenye maduka ya pembejeo. Yeye, asiyejua anachochekewa, akazidi kuitikisa ile salfeti ili wasome vizuri. Mama yangu aliruka uwanjani kwa vigelegele akambandika noti kwenye paji la uso.

Zikahesabiwa elfu ishirini na nane. Mwalimu akazipokea kwa niaba ya darasa.

Ripoti yake ilisema ni wa 58, aongeze bidii. Usiku saa tatu orodha ya mchango wa hafla ikatolewa kama kawaida, na jina langu halikuwemo. Nikaandika kwa adabu zote: ndugu mweka hazina, zile elfu ishirini na nane za mwanangu haziwezi kuhesabiwa upande wangu, hata kwa elfu kumi tu? Akanijibu kwa kikatuni cha viganja viwili vilivyounganishwa. Kisha akabadilisha jina la kundi kuwa Darasa la Pili na kubandika tangazo: ndugu wazazi, mwakani watoto wetu wana upimaji wa kitaifa, hivyo Januari kila mtoto aje na rimu moja ya karatasi. Ni hiari.