Mwongozo wa Kuitoa Santuri Kabatini Bila Kuvunja Sahani wala Undugu

Taarabu ya Mombasa imetolewa upya mara kadhaa, na karibu kila mara imesafiri kwanza. Mwaka 1983 John Storm Roberts alikusanya nyimbo za pwani ya Kenya katika santuri iitwayo Songs the Swahili Sing, ikatoka Marekani. Mwaka 1990 lebo ya GlobeStyle ya London ikawatoa Zein l'Abdin na Maulidi Juma. Mwaka 2005 Buda Musique ya Ufaransa ikaanza mfululizo wa Zanzibara chini ya Werner Graebner, na toleo la pili likawa la taarabu ya Mombasa ya 1965 hadi 1975, ile ya enzi za Mzuri, lebo ya duka la Assanand la papa hapa mjini. Kazi nzuri, na waliozifanya tunawashukuru. Ila sahani nyingine bado zimo makabatini Likoni na Mtongwe, chini ya mashuka ya harusi, na wa kuzitoa ni wewe. Fuata hatua hizi.

1. Usiitaje santuri kabla ya chai. Piga hodi alasiri, bi mkubwa akishaswali. Mwamkie, umuulize habari za mguu, za wajukuu na za foleni ya feri. Kikombe cha pili ndipo useme: "Bibi, ile gramafoni ya marehemu babu bado ipo?" Akikujibu, "Ipo, mwanangu, lakini haisemi," umefika. Begi kubwa liache kwenu. Mwenye begi kaja kununua, na anayenunua sahani ya bibi kwa bei ya mahamri anaiba hata kama amelipa.

2. Kijue ulichopewa. Sahani nzito inayovunjika ikianguka ni ya mizunguko 78 kwa dakika, ya shelaki; za namna hiyo ndizo alizorekodi Siti binti Saad huko Bombay mwaka 1928. Ile ndogo, nyepesi, ya inchi 7, ni ya mizunguko 45, na ndiyo iliyowasambaza waimbaji Juma Bhalo, Zuhura Swaleh na Matano Juma. Soma kila herufi kwenye lebo, kisha ielekeze sahani kwenye mwanga. Baada ya mfereji wa mwisho, karibu na lebo, kuna namba iliyochorwa kwenye plastiki yenyewe. Inakili. Lebo huweza kubandikwa kimakosa, lakini namba ile hutoka kiwandani pamoja na sauti.

3. Iogeshe, isizame. Hewa ya chumvi na ukungu wa masika havina huruma. Tia tone la sabuni ya vyombo kwenye maji yaliyosafishwa ya betri (si asidi yake!), uchovye kitambaa laini, ufuate duara la mifereji bila kuikata. Lebo isilowe. Spiriti usiisogeze kabisa kwenye sahani ya 78, kwa kuwa huyeyusha shelaki. Kausha kivulini: jua la mchana huipinda santuri ikawa bakuli. Ukizihifadhi, zisimamishe, usizilundike.

4. Simu iweke mfukoni. Sauti iliyonaswa kwa simu mbele ya spika ni sauti ya chumba, pamoja na jogoo wa jirani. Tafuta sindano mpya, pitisha waya kutoka kwenye mashine ya santuri hadi kwenye kompyuta, na uhifadhi faili la WAV. Nakala hiyo ya kwanza iache na mikwaruzo yake. Anayefuta mikwaruzo kwa pupa huifuta na tashkota, chombo kilichotoka Japani, kikapitia Bara Hindi, kikaja kuwa alama ya taarabu ya Mombasa. Mlio wake mwembamba wa nyuzi za chuma ndio wa kwanza kumezwa na programu ya kusafisha.

5. Waalike wazee wawili, si mmoja. Hatua hii ndiyo kubwa kuliko zote. Lebo hutaja mwimbaji na kundi, ikaishia hapo. Shairi ni la nani? Udi kapiga nani? Mshairi Ahmad Nassir alimtungia binamu yake Juma Bhalo. Sheikh Ahmed Nabhany alimfikishia Zein tungo za kale. Hao wanajulikana, wengi hawajulikani. Basi upige wimbo mbele ya wazee wawili. Mzee mmoja atakumbuka. Wawili watabishana, na ubishi ndio utakaolitoa jina la mpiga dumbaki. Andika daftarini kila jina, nani kalitaja na tarehe gani.

6. Wimbo wa zamani si wimbo wa bure. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 huilinda rekodi miaka 50 tangu iliporekodiwa, lakini utunzi hulindwa hadi miaka 50 baada ya mtunzi kufariki. Juma Bhalo alifariki 2014, kwa hiyo tungo zake mwenyewe zina wenyewe hadi mwisho wa 2064. Watafute warithi, muandikiane: nakala ngapi, mgao gani, utalipwa lini.

7. Jalada liseme kweli. Usiandike "muziki uliopotea". Haukupotea; bibi alikuwa nao. Andika majina yote ya daftari lako, na nakala ya kwanza ipelekwe kwa bibi kabla haijapelekwa London. Usijione mdogo kwa kazi hii: Ketebul Music ya Nairobi, chini ya Tabu Osusa, ilitoa historia ya muziki wa benga mwaka 2008 kwa nyimbo, kitabu na filamu, na kazi za mwanamuziki Joseph Kamaru zimerudi sokoni kwa juhudi za mjukuu wake, msanii KMRU.

Ukipata nafasi ya hatua moja tu mwezi huu, chagua ya tano. Sahani zilitengenezwa nyingi. Ikivunjika hii ya Mtongwe, huenda nyingine ikapatikana Nairobi au Ulaya. Mzee anayemjua mpiga dumbaki hana nakala, na toleo linalotoka bila majina huwazika waliopiga mara ya pili.