Chauro Haifiki Bakulini

Pilau ina heshima zake: kila kitu kinaingia sufuria moja, kinafunikwa, kinatoka pamoja. Chauro, ule mchanganyiko wa vitafunwa vikavu vya kukaanga, haitaki undugu huo. Karanga zikaangwe peke yake, dengu peke yake, tambi peke yake, mchele bapa peke yake, majani ya mchuzi peke yake, maana kila kimoja kina muda wake ndani ya mafuta, na ukivitia pamoja kimoja kitaiva wakati mwenzake keshakuwa mkaa. Ndiyo kusema, kwa saa nzima au zaidi, mezani kwako kuna mabakuli yaliyojaa vitu vitamu, vya moto, visivyo na mlinzi. Waandishi wa mapishi hawaligusi jambo hili hata kidogo. Wanaandika kana kwamba mpishi anaishi peke yake kisiwani.

Unga wa dengu niliununua Kisutu, kwenye duka la bibi mmoja wa Kihindi mzaliwa wa Dar es Salaam, ambaye Kiswahili chake kinaweza kukuuzia kitu ulichokuwa umeapa hununui. Ukoo wake ulitoka Gujarat enzi za majahazi, pepo za kaskazi zilipokuwa zikileta wafanyabiashara Unguja na pwani hii yote. Chakula kikavu kilichokaangwa hakichachi upesi, kwa hiyo kinafaa safari, na sisi tuliokuwa tukisubiri ufukweni tumefaidika. Nairobi na Mombasa wanakiita chevda, huku kwetu ni chauro, na kote huko kinaisha kabla ya chai.

Nilimwamkia, nikamwambia ninachotaka kufanya. Akanitazama kwa huruma.

"Chekecha unga mara mbili, mwanangu. Magadi soda bana kwa vidole viwili tu, ukizidisha tambi zitakunywa mafuta yote. Na pika usiku, watoto wamelala."

"Mama, mimi nauliza habari ya chumvi."

"Chumvi utaonja mwenyewe. Nakwambia pika usiku."

Akaniuzia na mashine ya tambi, silinda ya shaba yenye mkono wa kuzungusha juu na visahani vya matundu chini: matundu madogo kwa tambi nyembamba, tundu la nyota kwa vitafunwa viitwavyo chakli. Akanipa na kipande cha mvuje ambacho sikukiomba. Jumamosi hiyo nikaanza kazi mchana kweupe. Mtu mzima hawezi kuwakimbia watoto wake mwenyewe.

Unga niliuchekecha. Mara mbili sikumbuki, lakini mashine iligoma kwa sababu zake. Nilizungusha mkono hadi mshipa wa shingo ukanitoka. Tambi mbili zikachungulia, zikarudi. Nikaongeza nguvu, na kile kisahani kikaamua kujiuzulu: kikang'oka na donge zima likatumbukia karaini, pwaa! Liliiva vizuri sana kwa nje. Binti yangu mdogo alilitoa kwa kijiko cha matundu, akalipuliza, akauliza kama ndiyo chauro yenyewe. Kaka yake akamjibu kwamba hilo ni andazi la dengu. Wakaligawana likiwa bichi katikati, wakasema liko sawa.

Kisahani kikarudishwa mahali pake, tambi zikashuka. Hapo ndipo raha ya kazi hii ilipo, na sitaki kuipita haraka. Unazungusha mashine juu ya karai, nyuzi zinashuka zikijikunja, na mafuta yanalipuka kwa povu. Povu lile ni maji ya ule unga yanayogeuka mvuke na kukimbia. Mpishi asiyejua huhangaika na rangi. Anayejua husikiliza. Kelele zikipungua na mapovu yakaanza kuadimika, maji yamekwisha na tambi imekuwa kavu, iipue. Ukiiwahi itakuwa laini kesho yake. Ukichelewa kidogo tu itakuwa chungu leo hii. Moto ukiwa mdogo inakunywa mafuta, ukiwa mkali inaungua nje na kubaki na unyevu ndani. Nilisimama pale nikisikiliza mafuta, na kwa dakika chache nyumba nzima iliniheshimu.

Kisha nikatia mvuje.

Sisi watu wa pwani tunaujua mvuje tangu utotoni, ila si kwa kuula. Hufungwa kwenye kitambaa akavishwa mtoto ili vijicho vimpitie mbali, na majini nayo tunaambiwa hayastahimili harufu yake. Wahindi hutia chembe tu kwenye vyakula vya dengu ili tumbo lisijae gesi. Wao wenyewe kwa karne nyingi wameununua kutoka Iran na Afghanistan, na mwaka 2020 watafiti wao waliupanda kwa majaribio kwenye milima ya Himachal Pradesh. Chembe inayotakiwa ni ndogo kuliko nilivyodhani. Harufu ilitoka jikoni, ikapita sebuleni, ikavuka ukuta wa jirani. Hazikupita dakika tano tukasikia hodi.

"Shemeji, poleni," jirani akasema kwa sauti ya chini, kanga keshajifunga vizuri kwa ajili ya msaada. "Nani kapandisha?"

"Hakuna aliyepandisha. Tunakaanga."

"Mnakaanga jini?"

Akaingia kuhakikisha. Akaketi karibu na bakuli la karanga, kwa sababu mtu aliyekuja kutoa pole haondoki mikono mitupu, na mkono wake ukaanza kwenda na kurudi huku macho yake yakiwa kwangu, yamejaa wasiwasi wa dhati.

Mchele bapa, ule wa Kihindi uliopondwa, unataka mafuta ya moto sana na sekunde chache tu. Unafura mara moja, na ukiumwaga karaini ovyo hutaweza kuukusanya kabla haujaungua. Dawa yake ni kuutia ndani ya kichujio na kuuzamisha pamoja nacho. Bibi wa Kisutu hakusema kichujio kiwe cha waya. Nilichukua cha chai cha mke wangu, ambacho kwa mbali kinafanana na bati na kwa karibu ni plastiki. Plastiki ile ilikuwa dhaifu tangu ilikotoka kiwandani. Kitu imara kisingenyong'onyea namna ile. Mke wangu alisimama mlangoni, akatazama kile kipini kilichobaki mkononi mwangu, akachota dengu za kukaanga kiganja kizima, akaondoka akizitafuna bila kusema neno. Niliogopa ukimya ule kuliko mafuta.

Ikabidi kumwaga mafuta, kuosha karai na kuanza upya. Wakati wote huo mabakuli yalikuwa mezani. Wa kwanza alipita kuonja chumvi, wa pili akapita kumbishia wa kwanza. Mama mkwe alionja tambi kwa niaba ya meno yake, akazikuta ngumu, akaendelea kuzionja moja moja apate hata moja iliyolainika. Nilipofika hatua ya kuchanganya, nikiwa na manjano, pilipili, sukari kidogo na ndimu ya unga tayari mkononi, nilichanganya majani ya mchuzi, zabibu ambazo hakuna aliyezitaka, na chenga za tambi zilizobaki chini ya mabakuli.

Chenga zile watoto hawakuziacha. Walizibeba hadi uani, wakakatakata embe bichi, wakatia kitunguu, wakakamulia ndimu, wakanyunyiza chenga juu. Mjini Mumbai, pwani ya Chowpatty, wachuuzi wanauza kitu cha jamii hiyo hiyo na kukiita bhel, na watu wanapanga foleni. Wangu hawajafika Mumbai. Waliweka kwenye vikaratasi, wakauza kwa watoto wa jirani, hela wakagawana, mimi mwenye mafuta na gesi sikuonjeshwa.

Sasa oda zinakuja kila Jumamosi. Wateja wanataka tambi zilizovunjika tu. Nzima, wanasema, zinachoma fizi. Juzi binti yangu alinishauri nivunje mapema, jikoni huko huko, nisimcheleweshe kazi.