Kabla Hujachukua Msasa, Lipe Gitaa Maji

Mtu akikuambia kwamba gitaa gumu ndilo linalomkomaza mwanafunzi, mpe alipige yeye nyimbo tatu za ibada, kisha umkague vidole. Nyuzi zikiwa juu kupita kiasi kidole huumia, sauti hupanda kidogo kila ukibonyeza, na kijana aliyekuwa na hamu hurudi kwenye simu yake. Anapotea kwa ajili ya milimita moja. Basi tuitafute milimita hiyo, hapa hapa Isiolo.

Hatua ya kwanza: usiguse kitu. Spana ya aleni irudi mfukoni, na msasa mrudishie aliyekuazima. Gitaa lako huenda limetoka Nairobi, au limeteremka kutoka baridi ya Nanyuki, karibu mita 800 juu yetu. Mbao yake ikikutana na ukavu wa Isiolo hutoa unyevu. Ubao wa juu huzama, nyuzi hushuka nao na kuanza kulialia kwenye freti. Ubao wa vidole nao husinyaa, lakini freti ni chuma, hazisinyai, kwa hiyo ncha zake huchomoza na kukukwaruza kiganja. Mvua za Aprili au Novemba zikija, mambo hugeuka: tumbo la gitaa huvimba, daraja huinuka, nyuzi hupanda. Mwenye haraka hupunguza daraja lake Novemba, na ikifika Februari gitaa linavuma kama mzinga wa nyuki. Alichokata ni mvua, na mvua imekwenda zake.

Kwa hiyo nunua kisanduku cha sabuni cha plastiki, kitoboe matundu, tia sponji iliyolowekwa na kukamuliwa hata isidondoshe tone, ukifungie pamoja na gitaa ndani ya kesi kwa wiki moja. Mbao hutulia hewa ikiwa na unyevu wa asilimia 45 hadi 55, na kipimaunyevu kidogo ndani ya kesi kitakuambia umefika wapi. Kesi isiegemee ukuta wa mabati. Wala isilale kwenye buti ya gari lililoegeshwa juani, hata kama unaingia dukani kununua sukari tu: gundi ya daraja hulainika kwa joto, na nyuzi haziachi kuvuta kwa sababu wewe uko dukani.

Wiki ikiisha, hakikisha nyuzi ni zake. Za chuma, hata zile nyepesi, huvuta kwa jumla ya takribani kilo 70. Za nailoni, karibu 40. Gitaa lililoundwa kwa nailoni likivishwa chuma litakunjika, na hakuna mwongozo utakaolikunjua.

Sasa liweke kwenye sauti zake sahihi, maana gitaa lililolegezwa hudanganya vipimo. Bonyeza uzi mnene kwenye freti ya kwanza na ya 14, uchungulie katikati. Nafasi ya karatasi mbili au tatu za fotokopi inatosha. Ikizidi, kaza kile chuma cha ndani ya shingo kwa kufuata saa, ikikosekana, legeza. Robo mzunguko tu, kisha pima tena. Chuma hicho hunyoosha shingo, nacho si mashine ya kushushia nyuzi. Anayekizungusha kwa ghadhabu hukikata, na hapo gitaa hugeuka pambo la ukutani.

Kisha pima kwenye freti ya 12, kutoka juu ya freti hadi chini ya uzi. Rula ya shule inafaa. Usipokuwa nayo, kadi ya benki ina unene wa milimita 0.76, hivyo tatu zikibanwa pamoja ni karibu 2.3. Uzi mnene ukae kwenye 2.4 au 2.5, mwembamba 1.8 hivi. Lakini sikiliza mkono wako kwanza. Ukipiga kwa kidole gumba na cha shahada, kama Jean-Bosco Mwenda aliyerekodiwa na Hugh Tracey kule Katanga mwaka 1952, au kama George Mukabi wa mtindo wa omutibo, nyuzi zinaweza kushuka zaidi. Ukichapa kwa kipande cha plastiki ili kwaya nzima ikusikie, ziachie nafasi ya kutikisika.

Ziada yoyote huondolewa chini ya tandiko, kile kipande chembamba kilichochomekwa darajani. Ukitaka uzi ushuke nusu milimita kwenye freti ya 12, ondoa milimita nzima, kwa kuwa freti hiyo iko nusu ya urefu wa uzi. Tia alama ya kiasi hicho kwenye tandiko, laza msasa juu ya kioo, sugua upande wa chini ukiwa umenyooka, na simama kabla hujafika kwenye alama.

Tandiko la plastiki usilihuzunikie. Mji huu umejaa buchari za ng'ombe na ngamia, na mfupa mnene wa mguu, ukichemshwa, ukaondolewa mafuta na kukaushwa vizuri, hutoa tandiko gumu lenye sauti ya wazi kuliko plastiki. Chonga mawili: refu la kiangazi, fupi la masika. Andika kila moja kwa penseli, uyaweke kwenye kesi, karibu na kisanduku cha sabuni.